Kishikwambi hakipiki uji

NDUGU msomaji, kama una mtoto wa miaka mitano, au una mdogo wako wa umri huo nyumbani kwenu, maneno haya ni yako. Kama huna, bado ni yako, maana gharama zake unazilipa kila unapoweka vocha. Tutafika huko.

Januari 2025 rais mpya wa Marekani alitia saini karatasi, misaada ya nje ikasimamishwa. Julai 1 mwaka huo huo shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, likafungwa, na mabaki yake yakaingizwa katika wizara ya mambo ya nje. Siku hiyo huenda wewe ulikuwa Mwanjelwa unapanga mitumba yako, au uko Ipogolo kwenye bajaji unangoja abiria, na habari hiyo ikakupita kama mambo ya wakubwa. Lakini mkono wa karatasi ile ulifika mpaka kwenye mikeka ya chekechea kule Kilolo na Mufindi.

Kwa karibu miaka kumi Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Bara, pamoja na Morogoro, Mtwara na Ruvuma, ambayo elimu ya watoto wake wadogo ilikuwa ikishikwa mkono na fedha za Wamarekani. Kwanza ulikuja mradi wa Tusome Pamoja, kuanzia 2016 hadi 2021. Ukafuata Jifunze Uelewe. Vitabu vya hadithi vikachapwa, walimu wa madarasa ya mwanzo wakapigwa msasa, walimu wakuu na maofisa elimu kata wakapewa vishikwambi vya kukusanyia takwimu. Yalikuwa mambo mazuri na hatuna sababu ya kuyabeza. Swali letu ni hili: ilikuwaje nchi yenye wizara nzima, yenye makatibu wakuu, makamishna na msururu wa mashangingi, ingoje fedha za Washington ndipo mtoto wa Mhehe ajue kusoma neno "baba"? Na fedha hizo zilipokatika, nani amebaki na mtoto?

Tunalisema hili sasa kwa sababu upepo unaovuma katika elimu siku hizi ni wa TEHAMA. Kila anayepanda jukwaani, wa chama tawala na hata wa kwetu, anaahidi kompyuta. Diwani anaahidi kompyuta, mbunge anaahidi kompyuta, shule binafsi zinachora kompyuta kwenye ukuta wa geti. Sasa ahadi imeshuka mpaka chekechea. Sisi si watu wa kukataa mashine. Gazeti hili lenyewe linapangwa kwa kompyuta, na bila simu habari za Kyela zingetufikia zikiwa zimeoza. Tunachokataa ni danganya toto, hasa pale anayedanganywa anapokuwa toto kweli.

Tuchukue vishikwambi. Neno lenyewe wengi wetu tulilizoea mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba mwezi Agosti wakiwa wamevikumbatia kifuani. Sensa ilipokwisha, serikali ikatangaza kuwa vifaa hivyo vinakwenda kwa walimu na wasimamizi wa elimu, karibu laki tatu kwa jumla, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akazindua ugawaji kabla mwaka haujaisha. Kwa hesabu ya fedha lilikuwa jambo jema: kifaa kimoja, kazi mbili. Lakini fuata safari ya kifaa chenyewe. Kimetoka kwa karani kimekwenda kwa mwalimu. Bando analipia nani? Kioo kikipasuka anatengeneza nani? Kinachajiwa wapi? Na mwalimu wa darasa la awali naye alipata, au vilianzia ofisi ya mwalimu mkuu vikaishia darasa la saba, kwa wale wanaofanya mtihani unaohesabika? Majibu ya maswali haya hayako Dodoma. Yako kwenye shule ya mtaa wako, ndani ya kabati lenye kufuli.

Sasa ingia darasani. Sera ya elimu ya 2014 iliingiza mwaka mmoja wa awali katika elimu ya lazima. Januari 2016 ada ikafutwa, wazazi wakaitikia kwa kishindo. Nchi nzima wanafunzi wa awali wakaruka kutoka kama milioni moja mwaka 2015 hadi kama milioni moja na nusu mwaka 2016. Ndani ya mwaka mmoja! Vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, na walimu ndiyo kabisa. Kipimo cha wizara yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Usituamini sisi, sisi ni gazeti la upinzani. Nenda mwenyewe kesho saa mbili asubuhi, uwe Ilomba, Iyunga, Kihesa au Mlandege, chungulia dirishani, hesabu vichwa, gawa kwa 25, uone walimu wangapi wanakosekana. Ukienda mwezi wa Juni utaelewa pia kwa nini wamebanana: hiyo si nidhamu, ni baridi ya Nyanda za Juu na sakafu ya simenti.

Huko nyuma tumeshaona pengo la walimu likizibwa kwa njia ya mkato. Shule za kata zilipofumuka, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha, na wananchi kwa utani wao wakawabatiza "vodafasta", kwa jina la vocha ya simu. Waliobatizwa hawakuwa na kosa, walitumwa. Hofu yetu ni kwamba inatafutwa vodafasta wa pili, na safari hii si mtu hata kidogo, ni kioo. Watoto mia, mwalimu mmoja, vishikwambi kumi: picha ikipigwa kwa upande mzuri inapendeza sana kwenye ripoti.

Fedha je? Ruzuku iliyoanza na elimu bila ada mwaka 2016 ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinakwenda shuleni. Gawa kwa miezi kumi na miwili: shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi. Wewe asubuhi chai na maandazi unatumia zaidi ya hiyo kabla jua halijatoka Mlima Loleza. Katika mia tano hiyo mwalimu mkuu anunue chaki, afanye ukarabati, aendeshe mitihani na michezo. Halafu mgeni rasmi anakuja, anakata utepe, anaacha vifaa vinavyotaka umeme, bando, betri na fundi, anapanda gari anaondoka. Amewaachia zawadi au amewaachia mdomo wa kulisha?

Na kwa kuwa tumetaja kulisha, tuseme jambo ambalo watu wa Iringa hawapendi kulisikia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kuwa katika mkoa wa Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa! Na si mkoa wa njaa huu. Ni ghala la mahindi, kuna maharage, kuna viazi, kuna maparachichi yanayopakiwa kwenda Ulaya. Mtoto anashiba ugali mtupu, mama yake yuko shambani toka alfajiri mpaka jioni, kalelewa na dada yake wa miaka minane, baba yupo mjini au yupo kilabuni. Kudumaa si ufupi wa mwili peke yake. Ubongo hujengwa zaidi katika siku elfu moja za mwanzo, na mtoto aliyekosa chakula cha kumjenga wakati ule huja darasani na deni ambalo hakulikopa yeye.

Mtoto huyo anaamka saa kumi na mbili, anatembea kwenye ukungu, anafika shuleni hajatia kitu kinywani, anakaa hadi saa tano au sita. Mpe kishikwambi. Mpe hata viwili. Kishikwambi hakipiki uji. Serikali yenyewe ilitoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni mwaka 2021, na mzigo wa chakula umeachwa mikononi mwa wazazi. Basi wazazi waubebe, lakini waubebe wote, siyo kina mama peke yao wanaotumwa na debe la mahindi kila muhula huku baba akisema "hiyo ni kazi ya serikali". Hapa kijana mwenzetu tunakusema wewe, na hatuombi radhi.

Tukirudi kwenye mashine, kuna kichekesho cha umeme. Maji ya Ruaha Mkuu yanakusanyika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Yakitoka huko yanapita Iringa, yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, yanashuka Kidatu, megawati 204, kisha yanaingia Rufiji mpaka kwenye bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Kihansi nako, megawati 180, maji yanatoka kwenye milima ya upande wa Mufindi. Maana yake taa nyingi za Dar es Salaam zinawashwa na mvua inayowanyeshea bibi zako. Sasa wewe ukikuta kijiji cha Mbarali au cha Kilolo ambako nguzo inapita nje ya shule lakini waya hauingii darasa la awali, usiseme ni bahati mbaya. Uliza ni nani aliyepanga foleni hiyo.

Wapo watakaosema gazeti hili linalalamika tu, halina mfano. Mifano iko karibu kabisa.

Kenya, katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Vijana walishangilia. Zabuni ikaingia kwenye mivutano, mambo yakasimama, mpaka 2016 ndipo vifaa vikaanza kugawiwa, na kompyuta mpakato zikawa zimegeuka vishikwambi. Viligawiwa zaidi ya milioni moja kwa shule za umma. Kufikia 2019 serikali ile ile ikaanza kusema mpango ubadilike, shule zijengewe maabara za kompyuta. Yule mtoto wa miaka sita aliyeahidiwa mwaka 2013 alikuwa na miaka kumi na miwili. Ahadi ya jukwaani hukua polepole kuliko mtoto.

Hapa kwetu, Tanga, lilifanyika jaribio ambalo dunia nzima ililitazama kuliko sisi wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 2017 watoto karibu elfu tatu katika vijiji 170, wa miaka saba hadi kumi na mmoja, wengi wao hawajawahi kusoma shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa jua. Lilikuwa shindano la XPRIZE, fedha zimetoka kwa tajiri Elon Musk, washindi wawili wakagawana dola milioni kumi Mei 2019. Waandaaji walisema kabla ya jaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi kumi na tano idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni hatua kubwa, na programu hizo ziliachwa wazi ili yeyote azitumie. Lakini soma hesabu hiyo kwa upande wa pili: nusu nyingine, baada ya miezi kumi na tano na mashine za kisasa kabisa, bado hawakuweza kusoma neno. Mashine bila mwalimu ilifika nusu ya njia, na hao walikuwa watoto wakubwa kuliko wa chekechea. Mtoto wa miaka mitano hajui hata kushika penseli. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumfuta kamasi na kumuuliza kwa nini leo amenyamaza.

Ukivuka daraja la Kasumulu kule Kyela unaingia Malawi, nchi tunayopenda kuicheka kwa umaskini. Wenzetu hao walifanya majaribio ya vishikwambi katika shule chache toka kama 2013, wakapima, wakapima tena, ndipo serikali yao na washirika wake wakaanza kueneza mpango kwa darasa la kwanza hadi la nne, kwa lugha ya Chichewa, kwa umeme wa jua, watoto wakipokezana muda mfupi kila siku. Nao wanategemea wafadhili, na tunaomba yasiwakute ya Iringa. Ila walianza na kipimo. Sisi huanza na utepe.

Kati ya mifano yote, unaotugusa zaidi ni wa Zanzibar, na ndiyo maana tunataka ukae nao kidogo. Mwaka 2006 ulianza mradi wa redio kwa watoto wadogo, kipindi chake kikiitwa Tucheze Tujifunze. Redio inazungumza na watoto, inasimama, inawangoja wajibu. Inasema simameni, ruka mara tatu, mwambie mwenzako jina lako, chukua mawe matano ondoa mawili. Mlezi yupo hapo hapo anaongoza, na mlezi mwenyewe anajifunza kufundisha huku anafundisha. Nao ulikuwa na fedha za Wamarekani, hatufichi. Lakini linganisha vifaa. Kishikwambi kimoja kinamtumikia mtoto mmoja na kumwinamisha shingo. Redio moja inasikiwa na watoto mia wakiwa wamesimama, wanaimba, wanatazamana usoni. Ikiharibika inatengenezwa Mwanjelwa kabla ya saa sita mchana.

Siku hizi hata kungoja muda wa kipindi si lazima. Zile redio ndogo za kuchomeka flashi na memori kadi, ambazo wewe unazitumia kupigia muziki kibandani, zinaweza kubeba masomo ya mwaka mzima bila bando. Paneli ndogo ya jua inatosha. Na maudhui ya Kiswahili yapo, yametengenezwa na Watanzania. Kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kisha ikatengeneza katuni ya Akili kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Utafiti uliofanyika Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliotazama katuni hiyo kwa wiki chache tu waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Hiyo haikutaka mtaalamu kutoka ng'ambo. Ilitaka vijana wenye vipaji na mtu wa kuwasikiliza.

Nasi Nyanda za Juu tuna redio za kutosha. Iringa na Mbeya kila asubuhi zimejaa vituo vinavyobishana Simba na Yanga mpaka sauti inakauka. Nusu saa kwa chekechea ingewaua? Shule zilipofungwa kwa corona Machi 17, 2020 mpaka mwishoni mwa Juni, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni ya taifa. Kwa hiyo inawezekana, tena ilifanyika kwa haraka. Mtoto wa Rungwe anafika darasani akizungumza Kinyakyusa, wa Mbeya Vijijini Kisafwa, wa Kilolo Kihehe. Kiswahili chenyewe ndiyo kwanza anakutana nacho. Anahitaji kukisikia kwa masikio na kukisema kwa mdomo kabla hajakigusa kwa kidole.

Hapa tuwageukie wale wenzetu ambao wamejibana wakampeleka mtoto shule ya "inglishi midiamu". Hatuwalaumu, kila mzazi anakimbiza mwanawe anakoona mwanga. Lakini mmekuwa mkilipa ada ya kompyuta kwa mtoto wa miaka minne, na hamjawahi kuuliza anafanya nini mbele ya hiyo kompyuta. Anatazama nyimbo za Kizungu? Wamekaa kumi mbele ya kioo kimoja, mmoja anashika kipanya na tisa wanasinzia? Nenda ukaone kipindi hicho kwa macho yako. Fedha ni yako, na geti lile lilijengwa kwa fedha yako.

Na nyumbani je? Mtoto akilia unampa simu. Akigoma kula unampa simu. Mama yake akifua, simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sisi wenyewe hapa ofisini tuliposoma hayo tulitazamana, maana hakuna aliyekuwa na mikono safi. Mtoto wa umri ule anajifunza kwa kuuliza maswali yanayochosha. Babu zetu walikuwa na vitendawili jioni, na vitendawili havikuhitaji chaji.

Tuliahidi kufika kwenye vocha. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya 2006. Unachangiwa na kampuni za simu, na kampuni za simu hazina shamba la mahindi. Zinachangia kutoka kwako. Mfuko huo umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ukakatwa kila ulipomtumia mama yako fedha kijijini, na serikali ikakueleza kuwa fedha hizo zinajenga madarasa na vituo vya afya. Juu ya hayo kuna BOOST, programu ya elimu ya awali na msingi kwa fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 500. Ndiyo iliyojenga yale madarasa ya awali ya mfano yenye rangi na bembea unayoyaona katika baadhi ya shule. Ni mazuri, tunakiri. Ila fedha hizo ni mkopo, na huyo mtoto unayemchungulia dirishani ndiye atakayeulipa. Kwa hiyo usiingie ofisi ya shule kama mtu anayeomba msaada. Mfadhili mkubwa ni wewe, tena wewe huwezi kutia saini karatasi ukaondoka.

Na kuna ulaji halali humu ndani ambao tunashangaa hakuna anayeugusa. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kuna VETA, kuna mafundi simu wamejipanga Kabwe na Mafiati wanaoweza kufungua kioo na kukirudisha kabla hujamaliza soda. Iringa ina Chuo cha Mkwawa na Chuo cha Ualimu Kleruu, vinavyofunda walimu. Kwa nini halmashauri isiingie mkataba na mafundi vijana hao, kila kata na fundi wake, alipwe kwa kifaa anachokifufua? Kwa nini kifaa cha shule kikilala kingoje barua iende mkoani, irudi, iende tena, mpaka betri ivimbe? Badala yake kijana mwenye ufundi anafukuzwa barabarani na mgambo, na kishikwambi kiko kabatini kimezimika.

Kamati ya shule imewekwa na Sheria ya Elimu ya 1978, na wazazi wamo. Vikao vya wazazi huitwa asubuhi siku ya kazi, na wanaokwenda ni kina mama, wanakaa kwenye vidawati vidogo, wanasomewa mapato na matumizi harakaharaka, wanapiga makofi, wanarudi sokoni. Safari hii funga kibanda, paki bajaji, nenda na wewe. Salimia wakubwa waliopo, vua kofia, kisha uliza: watoto wa awali ni wangapi na mwalimu wao ni nani? Amesomea watoto wadogo au ametolewa darasa la sita kwa adhabu? Uji unapikwa siku ngapi kwa wiki, na nani hajaleta mahindi? Kama ni mimi, niambiwe hapa hapa. Umeme umefika chumba kipi? Vifaa vilivyoletwa ni vingapi, vinavyofanya kazi ni vingapi, na ufunguo wa kabati anao nani?

Mwalimu mkuu mwenye nia njema atafurahi kuulizwa, maana huwa anaulizwa na wakaguzi tu. Asiye na nia njema ataangalia saa. Akishaangalia saa, omba kwa adabu kabati lifunguliwe wazazi wote waone.